Shahada ya lojistiki ianzie Nkwenda

Lori likipakia tani 10 za kahawa maganda Murongo, wilayani Kyerwa, na kushuka nazo hadi Bukoba, karibu nusu ya mzigo huo si kahawa. Robusta ya Kagera huanikwa na tunda lake zima, na ikifika kinuni, kilo mbili za maganda hutoa kilo moja hivi ya kahawa safi. Dizeli, matairi, mshahara wa dereva na posho ya utingo kwa safari inayozidi kilomita 200 vimetumika kubeba tani 5 za makapi. Gharama hiyo haiandikwi kwenye stakabadhi ya mkulima wa Kyerwa, lakini mlipaji ni yeye, kwa sababu kila mnunuzi anayepanga bei hutoa kwanza gharama za njiani.

Vinu vya kukoboa vipo Karagwe pia, si Bukoba peke yake. Kazi iliyobaki ni kupanga: kahawa ya chama kipi cha msingi iende kinu kipi, wiki gani, kwa gari gani, na gari hilo lirudi na mzigo gani. Hayo ni maswali ya lojistiki, na yanastahili kujibiwa na mtu aliyesomea. Kila mwaka vyuo vyetu hutoa vijana wenye shahada za usafirishaji, ununuzi na ugavi. Wengi wao wanaweza kukueleza jinsi meli ya makontena inavyohudumiwa bandarini Dar es Salaam. Wangapi wanaweza kukaa na katibu wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) cha Nkwenda wakampangia ratiba ya magari ya msimu mmoja?

Nauliza sasa kwa sababu wakati wake ni huu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaanzisha kampasi yake Kagera, katika Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, kupitia mradi wa kuboresha elimu ya juu, HEET, uliopata Dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Mradi huo haukukusudiwa kujenga madarasa tu. Unavitaka vyuo vipitie upya mitaala yao, na viunde kamati za ushauri ambamo waajiri wanakaa pamoja na wahadhiri. Burugo, wilaya hiyo hiyo ya Bukoba, tayari kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA cha mkoa kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2022. Upande wa njia nako mambo yamebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na lori la maharage kutoka Karagwe halilazimiki tena kungoja kivuko ili kuingia Mwanza. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 inajengwa kuelekea Mwanza. Itakapofika, bandari za Kemondo na Bukoba zitakuwa na kazi ambayo kizazi cha sasa hakijaiona. Atakayeisimamia kazi hiyo yuko kidato cha tatu leo, pengine hapo Kayanga au Isingiro.

Wapo watakaodhani kwamba Karagwe ni pembezoni mno kuwa mahali pa kuanzia mtaala. Historia inawapinga. Misafara ya karne ya 19 kutoka Tabora kwenda Buganda ilipita hapa, na wafanyabiashara wa Pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, jirani na makao ya Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, aliyewapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant mwaka 1861. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga na chumvi vilipokewa, vikahifadhiwa na kugawanywa upya kwa ajili ya safari ya mbele. Miaka 160 iliyopita watu walikuwa wakiipa Karagwe kazi ambayo leo tungeiita kitovu cha usambazaji, na walijua kwa nini wameichagua: maji, chakula, usalama wa mtawala, na njia panda kati ya Ziwa na bara.

Suala la vyuo na waajiri kutosikilizana si geni. Mwaka 2014 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilitoa matokeo ya uchunguzi uliowahoji waajiri, na kwa Tanzania ilionekana kwamba wahitimu 61 kati ya 100 hawakuwa tayari kwa kazi. Tarakimu hiyo imenukuliwa sana majukwaani, mara nyingi kwa kuwalaumu vijana. Mimi naona lawama imepelekwa pasipostahili. Kijana hakujiandikia mtaala.

Tanzania yenyewe ina mfano mzuri wa namna ya kuuandika. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilizaliwa mwaka 1975 chini ya Shirika la Taifa la Usafirishaji. Kilianza kama tawi la mafunzo la shirika lililokuwa na magari, karakana, madereva na hasara za kuhesabu. Aliyefundisha na aliyeajiri walikuwa nyumba moja. Leo NIT ni taasisi kubwa yenye shahada zake, na zama za mashirika ya umma ya namna ile zimepita. Chuo cha sasa hakiwezi kumngoja mwajiri aje, itabidi kimfuate alipo, na kwa Kagera alipo ni kwenye vyama vya ushirika, kwa wenye malori, kwa mawakala wa forodha, kwa wanunuzi wa bati na kwa madalali wa ndizi.

Mfano wa pili ni cheti cha forodha na uwakala wa mizigo cha Afrika Mashariki, kinachofahamika kwa kifupi cha EACFFPC. Kiliandaliwa na shirikisho la mawakala wa mizigo la ukanda huu, FEAFFA, kwa kushirikiana na idara ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na mamlaka za mapato. Hapa kwetu Chuo cha Kodi na chama cha mawakala, TAFFA, vimo ndani yake. Walioandika masomo yake ni watu wanaoshinda kwenye matamko ya forodha kila siku, ndiyo maana mhitimu wake akiketi mpakani Mutukula hahitaji kufundishwa upya fomu ni ipi. Ni cheti tu, si shahada. Lakini kinaonyesha kwamba waajiri wakipewa kalamu huandika vizuri.

Sasa kalamu hiyo ikiletwa Karagwe na Kyerwa, wataandika nini? Naamini ukurasa wa kwanza utahusu magendo.

Kila msimu tunasikia habari ya kahawa inayovuka mto Kagera usiku kwenda Uganda, na kila msimu tunasikia doria, magari yaliyokamatwa na viongozi waliowekwa kikaangoni. Doria zina nafasi yake. Lakini hebu tuitazame biashara hiyo kwa jicho la mtu wa usafirishaji. Mnunuzi wa magendo anamfuata mkulima shambani. Anakuja na mizani yake, hata kama ni ya kuiba. Analipa papo hapo, na mzigo unaondoka usiku ule ule. Mkulima hahitaji gunia la ziada, hahitaji kuukodishia mzigo bodaboda hadi ghalani, hangoji mnada wala malipo ya benki. Ni huduma kamili ya mlangoni, na chama cha msingi kinashindana nayo kikiwa na ghala moja, karani mmoja na gari la kukodi linalokuja likipatikana.

Nyuma ya magendo ipo butura. Mkulima mwenye mgonjwa hospitalini, au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada, anauza kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mavuno si yake tena. Serikali imeikemea butura miaka mingi. Bado ipo, kwa sababu inajibu tatizo la kweli: fedha zinahitajika Januari na kahawa inaiva miezi kadhaa baadaye. Anayesomea ugavi hufundishwa kwamba mzigo, taarifa na fedha ni mikondo mitatu inayopaswa kwenda pamoja. Butura ni mkondo wa fedha uliokatika mbali na mkondo wa mzigo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu apewe kazi hiyo aifanyie hesabu. Chama chenye wanachama kadhaa, ghala lenye kahawa inayoweza kuwa dhamana, benki yenye riba fulani: malipo ya awali yawe kiasi gani, yatolewe mwezi gani, na hatari ya nani? Akiipatia, amefanya utafiti wenye maana kuliko tasnifu nyingine nyingi zinazojaza rafu. Akiikosea, amejifunza kwa nini jambo hili ni gumu, na hilo nalo ni elimu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limewaharibia watu majina bure. Kahawa ikipokelewa na unyevu wa asilimia 15 ikakaa ghalani hadi ikashuka kufikia 12, kila kilo 1,000 hubaki 966 hivi. Kilo 34 zimekwenda na hewa. Karani asiyeweza kueleza hesabu hiyo ataitwa mwizi kwenye mkutano mkuu wa chama, na mwizi wa kweli anaweza kujificha nyuma ya hesabu hiyo hiyo. Kifaa cha kupima unyevu, daftari la mapokezi na kanuni moja ya hesabu vinatosha kuwatenganisha hao wawili. Ni somo la juma moja darasani. Sioni sababu ya mhitimu wa shahada ya lojistiki nchini Tanzania kumaliza miaka mitatu bila kulijua.

Baada ya kahawa, bati. Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, ina madini ya bati yanayochimbwa na wachimbaji wadogo, na imefunguliwa soko lake la madini. Bati limo kwenye kundi la madini ambayo wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walikubaliana mjini Lusaka, Desemba 2010, yafuatiliwe kutoka shimoni hadi bandarini ili yasigharimie vita. Chini ya makubaliano hayo mzigo wa bati unaokwenda nje unatakiwa uwe na hati ya ICGLR, umoja wa nchi hizo, inayothibitisha ulikotoka, na hati hiyo haiwezekani bila kumbukumbu za kila hatua: gunia limefungwa wapi, lina lebo gani, lilipimwa na nani, limelala ghala gani. Kumbukumbu zikikatika, mchimbaji wa Kyerwa huuza kwa bei ya chini kwa mtu atakayejua namna ya kuuvusha mzigo, na nchi hubaki bila mrabaha. Ufuatiliaji wa mzigo ni taaluma, na hapa ina mahali pa kufundishiwa kwa macho.

Ujuzi huo huo sasa unadaiwa kwenye kahawa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayomtaka mwingizaji wa kahawa aonyeshe shamba ilikotoka kwa vipimo vya ramani, ili ithibitike kwamba hakuna msitu uliokatwa. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, na wapo wanaotumaini utaahirishwa tena. Sioni kama ni busara kuujenga ushirika juu ya tumaini hilo. Mashamba ya Karagwe ni madogo, kahawa imechanganywa na migomba, na mzee mmoja anaweza kuwa na vipande vitatu kwenye vitongoji viwili. Kuvipima vyote, kuviunganisha na namba ya mwanachama na gunia lake, na kuhakikisha gunia hilo halichanganyiki na la mtu mwingine njiani, ni kazi ya mamia ya vijana wenye simu na kichwa kinachofikiri kwa mpangilio. Chuo kinachotaka mafunzo kwa vitendo hakihitaji kuitafuta kazi. Ipo, inakingoja.

Ndizi zina elimu yake pia, ingawa nitazipitia kwa haraka. Mkungu ukishakatwa, saa inaanza kuhesabu. Ndizi hupangwa kwenye fuso zikiwa zimebanana, zinasafiri siku kadhaa hadi masoko ya mbali, na kila mkungu uliochubuka ni hasara ya mtu. Mwenye gari naye anafikiria mzigo wa kumrudisha: saruji, mabati, soda. Akikosa wa kurudi nao, gharama ya safari mbili inaangukia ndizi. Ongeza sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, inayotumika Tanzania tangu Machi 2019 na inayoweka ukomo wa tani 56, na utaona kwamba kupanga gari moja la Karagwe–Dar es Salaam kunahitaji mtu anayejua mazao, barabara, mizani na sheria kwa pamoja.

Na mpakani, wanawake wanaovuka na maharage na unga wana haki ya hati rahisi ya uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000. Wengi wanapita njia za panya kwa kutoijua au kwa kuiogopa ofisi. Mwanafunzi wa lojistiki aliyekaa Murongo au Mutukula kwa wiki chache akiwasaidia kuijaza atakuwa amejifunza forodha kuliko kwa mihadhara mingi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye fildi. Kila aliyesoma chuo nchini anaijua: mwanafunzi anapangiwa ofisi, anatoa nakala, anapeleka barua, anajaziwa kitabu, anarudi. Kalenda ya vyuo vyetu huweka mafunzo kwa vitendo kati ya Julai na Septemba, na miezi hiyo ndiyo kahawa ya Kagera inakusanywa. Kalenda na msimu vimekutana vyenyewe, bila kikao. Kinachokosekana ni makubaliano. Chama kikuu cha Karagwe, KDCU, kingeweza kupokea vijana na kuwagawa kwenye vyama vyake vya msingi. Halmashauri mbili zingetafuta mahali pa kulala. Chuo kingemtuma mhadhiri akae nao, naye mhadhiri angerudi darasani na mifano isiyotoka kwenye kitabu cha nchi nyingine. Ripoti ya mwanafunzi isiwe historia ya ofisi na mchoro wa uongozi wake. Iwe jambo moja alilolipima: muda wa lori kungoja kupakiwa, upungufu wa uzito, gharama ya kilo moja kutoka shambani hadi kinuni. Nakala moja ibaki kwa chama.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba chuo kikuu si shule ya ufundi, na kikikimbilia kila anachotaka mwajiri wa leo kitazalisha watu wa kazi za leo tu. Hoja hiyo ina uzito. Mwajiri anaweza kutaka kijana ajue programu fulani ya kompyuta ambayo baada ya miaka mitano haitakuwepo. Ndiyo maana takwimu, uchumi, sheria ya mikataba na hesabu za kupanga njia na akiba lazima zibaki, tena zifundishwe kwa ukali zaidi. Ninachodai ni kwamba hesabu hizo zifundishwe kwa magunia ya Nkwenda na Omurushaka kabla hazijafundishwa kwa makontena ya Rotterdam. Akili ikishaelewa kwa kitu inachokiona, itafika Rotterdam bila shida.

Hoja ya pili ni ya mshahara. AMCOS haina uwezo wa kumlipa mwenye shahada, na kijana aliyesomeshwa kwa mkopo hatakubali kuishi Kyerwa kwa posho. Ni kweli kwa chama kimoja. Lakini vyama kumi vinaweza kuajiri mtaalamu mmoja kwa pamoja, akazunguka, na akiokoa sehemu ndogo tu ya fedha zinazopotea kwenye kubeba makapi na magari yanayorudi matupu, mshahara wake umepatikana. Si kila kazi inahitaji shahada pia. Meneja wa ghala anaweza kuwa na diploma, dereva wa mashine na fundi wa mizani wakatoka VETA. Mtaala mzuri wa shahada humfundisha mhitimu kufanya kazi na hao, na kuwaheshimu, maana ghala halisimamiwi na mtu mmoja.

Miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, tayari inataka kila programu mpya itanguliwe na uchunguzi wa mahitaji ya soko. Hofu yangu ni jinsi uchunguzi huo unavyofanyika. Dodoso likitumwa kwa barua pepe, litajibiwa na kampuni zenye barua pepe, na hizo ziko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Mwenyekiti wa chama cha msingi cha Isingiro hatajibu. Siyo kwamba hana la kusema, hakuna aliyemuuliza kwa njia anayoitumia. Mitaala ikishapitishwa hivyo, tunaambiwa wadau walishirikishwa.

Basi kwa wanaoandaa programu za kampasi ya Kagera, ombi langu ni la moja kwa moja. Kikao kimoja cha kamati ya ushauri kifanyike Kayanga na kingine Nkwenda, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto, kwa Kiswahili, wakiwemo makatibu wa AMCOS, wenye fuso, mawakala wa Mutukula, wanunuzi wa bati na akina mama wa soko. Kabla ya kikao, wajumbe wapande lori kutoka Murongo. Kwa KDCU na halmashauri za Karagwe na Kyerwa: msingoje barua kutoka chuoni, andikeni ya kwenu, mkitaja nafasi ngapi za fildi mnazo na tatizo gani mnataka lipimwe. Na wewe mzazi ambaye mwanao anajaza fomu za chuo mwaka huu na amechagua usafirishaji au ugavi, kiulize chuo hicho mambo mawili kabla hujalipa: nani kutoka kazini alikaa kwenye kamati iliyoandika mtaala huu, na mwanangu atafanya fildi wapi, akipima nini?